Kitako cha mashine ya nyasi kimeliwa na kutu: dalili, sababu, na namna ya kukibadilisha

Kila mwaka masika yakikaribia kwisha, wateja huniletea mashine zilezile na lalamiko lilelile: "Fundi, injini nzima kabisa, ila huku chini pameoza." Hapa Tanga hewa ya bahari haikionei chuma huruma. Mashine za petroli za kusukuma, hasa zile zilizotufikia zikiwa zimeshatumika kwingine, zina injini ya kudumu miaka mingi, lakini injini hiyo imekalia bati la chuma lenye unene wa milimita moja na nusu hadi mbili tu. Bati hilo ndilo kitako. Wengine huliita deki, wengine bodi. Ndilo limeshika injini, magurudumu na mpini, na ndilo ukuta pekee uliopo kati ya kisu na miguu yako.

Ukuta huo una kazi nzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Kisu cha sentimita 46 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda mita 72 kwa sekunde, sawa na kilomita 260 kwa saa. Ndiyo maana mtu akinionyesha tundu, siulizi kwanza ni kubwa kiasi gani. Nauliza liko wapi. Tundu la ukubwa wa kiganja karibu na mdomo wa kutolea majani linazibika na mashine ikafanya kazi miaka. Ufa mfupi kama kucha kwenye kiti cha injini unatosha kuiangusha injini na kisu chake mashine ikiwa inaunguruma.

Nimeyapanga matatizo kwa dalili, kwa sababu mwenye mashine huiona dalili kabla hajaiona kutu. Chini ya kila dalili, sababu ninayokutana nayo mara nyingi imetangulia na ya nadra iko mwisho.

Kabla hujagusa chochote

Chomoa waya wa plagi, uupeleke mbali na plagi na uufunge huko usirudi wenyewe. Usiseme injini imepoa kwa hiyo haina shida. Petroli kidogo iliyobaki ndani inatosha kuwaka mara moja ukikizungusha kisu kwa mkono, na mara moja hiyo inatosha kukata vidole.

Toa petroli yote kwenye tangi. Ukiilaza mashine, upande wenye kabureta na filta ya hewa utazame juu. Ukiilaza kinyume, oili itaingia kwenye filta na kabureta, kisha utahangaika siku nzima ukidhani umeharibu injini. Kama kazi itachukua muda, mwaga oili pia. Injini nyingi za aina hii zinachukua takriban lita 0.6, kwa hiyo si hasara kubwa.

Sasa kwangua majani yote yaliyogandamana chini ya kitako. Tumia mwiko wa zamani wa fundi mwashi au kipande cha mbao, na vaa glovu. Usitumie maji kwa sasa, maana unataka kuiona kutu ikiwa kavu. Kisha shika bisibisi kwa upande wa chuma na ugongegonge bati kwa mpini wake, ukianzia pembeni kuelekea katikati. Bati zima linalia. Bati lililooza linajibu kwa sauti nzito ya kufa, kama unagonga kadibodi iliyolowa. Pale panapojibu hivyo, geuza bisibisi na ukandamize kwa ncha. Ikizama au ikitoboa, hapo hapana chuma, kuna rangi na kutu tu. Zungushia chaki.

Ukimaliza, tazama alama zako ziko wapi kati ya sehemu tatu: kiti cha injini, yaani duara la bolti na upana wa vidole vitatu kulizunguka, mashikio ya magurudumu na mpini, na pembeni, yaani ubavu wa kitako na mdomo wa kutolea majani. Karibu kila uamuzi utakaofuata unategemea ramani hiyo ya chaki.

Dalili: mashine inatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalowapoteza watu, kwa sababu sababu yake ya kwanza ni rahisi na ya mwisho ni ya hatari, na zote zinatoa mtetemo uleule.

1. Kisu hakina mizani. Ukinoa upande mmoja zaidi ya mwingine, au kisu kikila jiwe upande mmoja, injini nzima itatikisika. Kifungue, kisafishe, kisha kitundike kwenye msumari kupitia tundu la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito. Upunguze kwa tupa mpaka kisu kikae sawasawa. Ni kazi ya robo saa, na wengi wanaokuja kwangu wangemaliza hapo nyumbani kwao.

2. Bolti za injini zimelegea. Mara nyingi ni tatu. Injini ikiwa baridi, ishike juu kwa mikono miwili, isukume huku na huku, macho yako yakiwa pale injini inapokutana na bati. Hapatakiwi kucheza hata kidogo. Tazama pia rangi: bolti iliyolegea huzungukwa na vumbi laini jekundu, na mvua ikipita vumbi hilo linachuruzika kama machozi kutoka kwenye kichwa cha bolti. Nikiliona vumbi hilo sihitaji kuuliza mengi. Kaza kwa zamu, kidogo kidogo, bila kumaliza moja ndipo uende nyingine. Matundu ya bolti hizo yamechongwa ndani ya aluminiamu, kwa hiyo ukitumia nguvu za spana ndefu utang'oa nyuzi zote.

Bolti ikilegea tena baada ya wiki, acha kuilaumu bolti. Chini yake bati linaisha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo mwanzoni inavimba na kuonekana imekaza, kisha mtetemo unaisaga ikawa unga na nafasi inabaki wazi.

3. Kiti cha injini kimepasuka. Ufa huanzia kwenye tundu la bolti na kutafuta njia kuelekea tundu jirani. Juu huuoni kwa sababu ya rangi na uchafu. Kipimo ninachokitumia ni cha zamani na hakina gharama: safisha eneo kwa brashi ya waya, lipake mafuta ya taa, subiri dakika tano, futa likauke kabisa kwa kitambaa, kisha sugua chaki nyeupe juu yake. Kaa uangalie. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari wa kijivu kwenye chaki, mwembamba kama unywele. Ukiuona mstari huo kati ya bolti na bolti, kitako hicho kimekwisha.

Acha hapo: usiiwashe tena, hata kwa kumalizia uani. Na usimkubalie mtu anayekwambia atoboe tundu dogo mwisho wa ufa usiendelee. Mbinu hiyo ina mahali pake kwenye bati nene lililo zima, haisaidii chuma kilichooza.

4. Krenki, yaani shafti ya injini inayozungusha kisu, imepinda. Huja baada ya kugonga kisiki, chemba ya maji taka au bomba la maji. Plagi ikiwa imetolewa, lete kipande cha mbao kiguse karibu na ncha ya kisu, weka alama, kisha zungusha kisu nusu mzunguko ulete ncha ya pili palepale. Tofauti ya urefu ikizidi milimita tatu, fungua kisu na uangalie kitovu cha shafti huku mtu akivuta kamba polepole. Shafti ikiyumba, ndiyo iliyopinda. Ikitulia, kosa ni la kisu.

Acha hapo pia. Krenki hainyooshwi kwa nyundo. Chuma kilichopinda kikanyooshwa kinabaki na jeraha ndani, na siku kikikatika kisu kinatoka nacho. Kama krenki imepinda, usitumie hata senti moja kwenye kitako kipya kabla hujajua kama injini yenyewe inastahili.

Dalili: kisu kinakwaruza, kuna mlio wa chuma kwa chuma

Mara nyingi ni magamba ya kutu yaliyobambuka na kuning'inia, au majani yaliyokauka yakawa magumu kama udongo wa kichuguu. Kwangua, jaribu tena. Ikiendelea, tafuta sehemu ambayo bati limebonyea ndani kwa kugonga jiwe. Hiyo inanyooshwa kwa nyundo ya mbao, kipande cha gogo kikiwa kimeegemezwa upande wa pili.

Linalonitia wasiwasi ni pale kisu kinapokwaruza upande mmoja tu, na siku injini ikiwa haina mzigo hakikwaruzi. Maana yake injini inalala. Kiti kimelegea upande mmoja na nguvu ya kukata inaiinamisha. Rudi kwenye kipimo cha chaki hapo juu kabla ya jambo jingine lolote.

Dalili: gurudumu limeinama, nyasi zinakatwa ngazi ngazi

Angalia kwanza kama wenzo wa kupandisha na kushusha uko kwenye namba ileile katika magurudumu yote manne. Unacheka, lakini watoto huvichezea. Kisha angalia bushi za plastiki ndani ya gurudumu. Zikiisha gurudumu linayumba na hakuna kosa lolote kwenye bati.

Kama hayo ni mazima, tundu la ekseli limeshaliwa na kuwa yai. Hapa habari ni njema: panatengenezeka. Kata vipande viwili vya bati la milimita 2 au 3, kimoja ndani kimoja nje, vipite eneo la kutu na kufika kwenye chuma kizima pande zote, uvibane kwa bolti za milimita 6 na nati zenye plastiki ndani ambazo hazilegei kwa mtetemo. Vichwa vya bolti viwe upande wa kisu, nati na mkia wa bolti viwe nje. Kisha toboa tundu jipya la ekseli ukipima kutoka gurudumu la upande wa pili. Usikadirie kwa jicho.

Mpini unaocheza hutengenezwa vivyo hivyo. Ila mpini ukikatika ghafla unapovuta mashine kinyumenyume, unaivuta ikujie miguuni, kwa hiyo usiusubiri.

Dalili: vijiwe na majani vinatokea pasipo mdomo

Kuna tundu. Simamisha kazi leo. Hakuna sababu nyingine ya kuichunguza, isipokuwa kifuniko cha mdomo wa kutolea majani kuwa kimepotea au kimefungwa juu kwa waya ili majani yatoke vizuri. Kirudishe. Kokoto inayopita hapo haitofautishi ukuta na mtoto aliyekaa barazani.

Tundu la ubavuni likatwe mpaka kwenye chuma kinacholia, pembe za mkato ziwe za mviringo, kisha lifunikwe kwa bati la unene uleule au zaidi. Bati la kuezekea halifai, ni jembamba mno. Na putti ya magari au faiba hufunika macho tu: kipande kikibanduka kikakutana na kisu, nacho kinageuka kombora.

Kuziba au kubadilisha?

Kutu ikiwa pembeni, ziba. Ikiwa kwenye mashikio, tia bati la kuimarisha. Ikiwa ndani ya duara la kiti cha injini, badilisha kitako. Nimefika kwenye msimamo huu kwa kukosea.

Miaka ya nyuma mzee mmoja wa Raskazone aliniletea mashine iliyotoboka nyuma ya injini. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hii ingefaa kitako kingine." Akaitikia na kunisihi: "Fundi, nibandikie bati tu, msimu huu upite." Nikabandika. Nilichomelea bati zuri, nikapiga rangi, hata mimi nikafurahia kazi yangu. Wiki ya sita mtunza bustani wake alikuja ameikokota. Bati langu lilikuwa zima. Chuma cha zamani kando ya mshono ndicho kilichochanika, kwa sababu moto wa kuchomelea ulikuwa umemalizia kile kidogo kilichobaki, na injini ilikuwa inaning'inia kwa bolti mbili. Kijana yule aliisikia ikibadilisha sauti, akaachia mpini na kuruka kando. Tangu siku hiyo mteja akinisihi, namweka chini nampigia bati lake kwa bisibisi alisikie mwenyewe.

Kama bado kuna chuma cha kutosha na kitako kingine hakipatikani, fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuweka duara zima jipya la milimita 3, linalofunika kiti chote na kufika mpaka kwenye chuma kizima. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye uzoefu, si ya kujifunzia. Injini na tangi vitolewe kabisa, viwekwe mbali. Achomelee kwa nukta fupi akihama upande huu na ule, vinginevyo bati linapinda na injini haitakaa sawa. Kama bati lina tabaka la zinki juu yake, zinki isagwe kwanza na kazi ifanyike penye upepo. Moshi wa zinki unaleta homa na kutetemeka usiku ule, na wapo wanaoidhania malaria. Kitako cha aluminiamu nacho hakiguswi kwa mashine ya kawaida ya kuchomelea chuma, mpelekee mwenye vifaa vyake.

Kuchagua kitako kingine

Kitako cha mtumba kutoka mashine ambayo injini yake imekufa ndiyo njia tunayoitumia wengi. Chukua vipimo kabla ya kwenda kutafuta, maana kurudi mara tatu kunachosha:

- Umbali kati ya matundu ya bolti za injini, yote matatu, na kipenyo cha bolti.
- Kipenyo cha shafti inayoshika kisu. Nyingi ni milimita 22.2, nyingine milimita 25 au zaidi kidogo.
- Urefu wa kisu, na umbali kutoka kiti cha injini mpaka ncha ya kisu kwa wima.
- Kina cha kitako, kutoka kiti mpaka ukingo wa chini.
- Kama mashine inajiendesha, mahali pa mkanda na pa giaboksi.

Kipimo cha kina ndicho kinachosahaulika. Kitako kifupi kuliko cha kwanza kitakiacha kisu kikichungulia chini ya ukingo, na mashine ya namna hiyo haifai kuwashwa. Kisu kikae ndani ya ukingo kila upande, na kikizungushwa kwa mkono kisikaribie ubavu popote.

Na huko sokoni, gonga. Kitako kilichopigwa rangi mpya nyeusi kinaweza kuwa kimeoza kuliko chako. Muuzaji mkweli hatakuzuia kukigonga.

Kuhamisha injini

Piga picha za kila waya na kila kebo kwa simu, kabla hujafungua hata nati moja. Kisha fungua kisu kwanza. Weka kipande cha mbao kati ya kisu na ubavu kisizunguke, halafu fungua bolti ya katikati kinyume cha saa. Adapta ya kisu, yaani kipande kinachokishikanisha na shafti, hutoka kwa shida ikiwa imeshikana na kutu. Itie mafuta ya kulainisha kutu, iache usiku kucha, ivute kwa pula, kile kifaa cha kuvutia, yenye mikono miwili. Usiipige shafti kwa nyundo kutokea chini, unaumiza beringi na sili ya oili juu yake.

Bolti za injini zilizoganda zinataka subira kuliko nguvu. Tia mafuta mara tatu kwa siku mbili, kila mara uigonge kichwani taratibu. Jaribu kwanza kukaza kidogo, ndipo ulegeze. Mara nyingi sauti ndogo ya "tak" ndiyo inakuambia kutu imeachia. Kichwa kikikatika, kuna njia nzuri kwa kazi hii: kitako cha zamani unakitupa hata hivyo, kwa hiyo kata bati kuizunguka bolti kwa grainda, injini ikiwa imefunikwa vizuri na petroli haipo karibu, mpaka shina la bolti libaki wazi ulishike kwa koleo la kubana. Shina likikatika ndani ya aluminiamu, acha hapo, mpelekee fundi wa karakana ya kukereza. Kutoboa shina la chuma ndani ya aluminiamu kwa drili ya mkono ni kutoboa pembeni tu, kwa sababu ncha hukimbilia palipo laini.

Kitako kipya kipake rangi ya kuzuia kutu na rangi ya mafuta mara mbili au tatu, ndani na nje, uache kikauke kabisa. Lakini pale injini inapokaa na chini ya vichwa vya bolti, sugua rangi ibaki nyembamba. Rangi nene inabonyea ikishapata joto, na bolti zako zinalegea mwezi wa kwanza.

Injini ikae yenyewe bila kulazimishwa. Ingiza bolti zote tatu kwa mkono kwanza. Moja ikikataa, usiivute kwa spana, tanua tundu la bati kidogo kwa tupa.

Umebadilisha, na sasa kuna jipya

*Haiwaki.* Kebo ya breki ndiyo ya kwanza kutazamwa. Mashine zenye mkono wa kubana juu ya mpini haziwaki mpaka mkono huo uvutwe mpaka mwisho, maana ukiachiwa unazima cheche na kubana flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Kebo ikiwa imefungwa ndefu kidogo, breki haiachii. Baada ya hapo angalia waya wa plagi, halafu plagi yenyewe kama imelowa oili kwa kulazwa vibaya.

*Inatoa moshi mweupe au wa bluu.* Oili imeingia ndani ulipoilaza. Ikiwaka, iache iungurume dakika chache penye hewa. Ikiendelea zaidi ya hapo, angalia kiwango cha oili, huenda umezidisha.

*Inarusha kamba mkononi.* Kisu hakijakazwa. Kwenye mashine hizi kisu kinasaidia flaiwili kuzungusha injini, na kikilegea injini inapiga kinyume. Kaza kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Kama kisu kimekazwa na bado inarusha, kabari ndogo kati ya flaiwili na krenki imekatika. Kuibadilisha kunahitaji pula, na ukiona hivyo ujue kisu kiligonga kitu kizito wakati fulani, kwa hiyo rudia kipimo cha krenki.

*Ukiachia mkono kisu hakisimami.* Usiitumie. Marekani tangu mwaka 1982 mashine mpya za kusukuma zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani zinatakiwa kisu kisimame ndani ya sekunde tatu mtu akiachia mkono, na mashine nyingi tulizonazo zimeundwa hivyo. Hesabu: moja, mbili, tatu. Kikipita hapo, kebo inahitaji kurekebishwa au breki imekwisha. Kuna wanaoifunga mikono hiyo kwa kamba au mpira ili wasichoke kubana. Nikiikuta imefungwa hivyo naikata kabla sijaongea na mwenye mashine.

*Mtetemo mpya ambao haukuwepo.* Injini haijalala sawasawa kwenye kiti, kuna takataka au rangi imejikunja chini yake. Legeza bolti zote, safisha, kaza upya kwa zamu.

Ukiiwasha mara ya kwanza, iwe mahali pa wazi, watu wasiwe upande wa mdomo wa kutolea majani, na wewe usimame nyuma ya mpini. Dakika kumi bila kukata chochote. Zima, chomoa waya wa plagi, subiri injini ipoe, kisha kaza tena bolti tatu. Rudia baada ya uwanja wa kwanza. Halafu kila ukimaliza kazi, kwangua majani mabichi kabla hayajakauka, kausha chini kwa kitambaa, na uiegeshe juu ya mbao au saruji, isikae juu ya udongo. Ukiliona vumbi jekundu likichuruzika tena kutoka kichwa cha bolti, ilete miguu yako ingali mizima.